Mama amezifungia dawa zote mbili kabatini: je, mdogo wangu atakuwa teja?

Swali: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 23, anaendesha tuktuk usiku hapa Mombasa. Kwa miezi mitano hivi amekuwa akitafuna muguka usiku kucha asisinzie, na kukicha anameza Valium mbili apate usingizi. Siku hizi amebadilika kabisa: chakula hataki, hacheki, anasema afadhali asingezaliwa. Tulimpeleka kliniki akaandikiwa fluoksetini, kapsuli moja kwa siku. Amekunywa siku 11, nafuu hatukuiona, ila kichefuchefu. Jirani akamwambia mama kwamba hizo ni dawa za kulevya kama zile nyingine, kijana atakuwa teja. Siku tatu sasa mama amezichukua zote, fluoksetini na Valium, amezifungia kabatini. Je, dawa hizi ni jamii moja? Na muguka, ambao angalau unamchangamsha, si bora kuliko kapsuli isiyofanya kitu?"

Marahaba, dadangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini dawa ulizozitaja ndizo ninazozitoa dirishani kila siku. Kabla sijaingia kwenye jamii za dawa, kuna jambo la leo ambalo haliwezi kungoja mwisho wa maelezo.

Mama amefungia dawa mbili. Ile anayoiogopa, fluoksetini, mtu akiikosa siku tatu hapati madhara ya kutisha. Ile ambayo nyumbani mmeizoea, "ya usingizi tu", ndiyo iliyonifanya niweke kando kazi nyingine nikujibu. Mwili uliozoea Valium mbili kila siku kwa miezi mitano, ukinyimwa ghafla, unaweza kuangushwa na kifafa hata kama mtu hajawahi kuanguka maishani mwake. Tena Valium hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo shida haianzi siku ileile. Huja baada ya siku mbili tatu, pengine hata wiki. Siku zake za hatari ndizo hizi mnazopitia sasa. Mpelekeni leo kwenye kliniki iliyomwandikia, na paketi zote mbili mzichukue. Mwambieni daktari Valium zilikuwa ngapi, kwa muda gani, na zilinunuliwa wapi. Kliniki haitamrudishia Valium aendelee kama zamani. Atapangiwa kipimo kitakachopunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa mpaka kiishe. Mikono ikimtetemeka, akitoka jasho jingi, akisikia sauti zisizokuwepo au akianza kukakamaa, msisubiri kukuche. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Mkishapanga hilo, rudi tuzungumze.

Jirani hakumdanganya mama kwa makusudi. Vidonge vyote vinauzwa dirisha moja, vyote vinasemwa kuwa "vya kichwa", na majina ya Kiingereza ya kundi linalotibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na kundi linalopooza ubongo yanatofautiana kwa silabi mbili tu za mwanzo. Nimewahi kuwaona hata watu waliosoma wakiyachanganya. Lakini ukimtazama mdogo wako kwa makini, utaona kwamba katika miezi hii mitano makundi yote matatu yamepita mwilini mwake: muguka usiku, Valium asubuhi, na hatimaye fluoksetini. Sitahitaji mfano mwingine.

Anza na Valium, ambayo jina lake la kidaktari ni dayazepamu. Hii iko katika kundi la vipumbaza, na ndugu zake wa karibu ni pombe, fenobabitoni ya wenye kifafa, na zile bugizi ambazo Pwani mnazijua kwa habari za watu kuwekewa kwenye vinywaji. Heroini nayo hupooza, ingawa inapita mlango mwingine. Ubongo una mfumo wake wa breki, na kundi hili huikanyaga hiyo breki. Ndani ya saa moja misuli inalegea, hofu inapungua, kope zinakuwa nzito. Kwa mtu aliyeanguka kifafa au mwenye hofu kali, dawa hii huokoa, nami siisemi vibaya. Tatizo ni kuitumia kila siku. Ubongo ukiona breki imekanyagwa wiki baada ya wiki, nao hujibu kwa kukanyaga mafuta zaidi ili uweze kuendelea na kazi. Ndiyo maana kidonge kimoja kilichotosha mwezi wa kwanza huwa viwili baadaye. Na ndiyo maana ukiiondoa ghafla, yale mafuta yanabaki peke yake bila breki, na hapo ndipo kifafa kinapotokea. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe kwa siku moja humkuta vilevile. Watu wengi hudhani arosto ya heroini ndiyo kali kuliko zote kwa sababu inavyoonekana ni mateso matupu, lakini mara nyingi inayoua ni kuacha ghafla pombe na dawa za jamii ya Valium.

Muguka ni upande wa pili, kundi la vichangamshi. Ni miraa ile ile kwa ukoo, ila huu unatoka zaidi Embu na hutafunwa majani, wakati wa Meru hutafunwa vijiti. Kemikali yake kuu ni kathinoni, ndugu wa amfetamini. Huharibika upesi jani linaponyauka, na hii ndiyo sababu miraa hufungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani kama mgonjwa. Sasa sikiliza inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kathinoni haitengenezi uchangamfu mpya. Inafungua ghala ambalo ubongo umeweka dopamini na noradrenalini, kemikali zake za uchangamfu, na kuzimwaga zote kwa pamoja. Moyo unapiga mbio, usingizi unakimbia, maneno yanatiririka, kijana anajiona anaweza kuendesha mpaka Malindi na kurudi. Hiyo ndiyo handasi. Asubuhi ghala liko tupu. Mtu anakaa kitako kama gunia, kila kitu kinamkera, chakula hakina ladha, machozi yako karibu. Kisha usiku unaingia na anafungua tena.

Kwa hiyo unaponiambia muguka "angalau unamchangamsha", mimi nasikia kwamba kila usiku anatumia kile kidogo ambacho ubongo wake ungekihitaji ili kupona. Nina wasiwasi pia kwamba sehemu ya huzuni mliyoiona imeletwa na mzunguko wenyewe: muguka unafukuza usingizi, Valium inaleta usingizi usio mzito kama ule wa asili, anaamka amechoka, anahitaji muguka zaidi. Sisemi kwamba hana sonona. Kijana anayesema afadhali asingezaliwa anaumwa, na anastahili tiba. Nasema daktari lazima ajue habari ya muguka, maana bila hiyo ataona nusu ya picha. Uliniandikia kila kitu waziwazi, lakini hukusema kama kliniki mliieleza. Wengi huficha. Wanadhani watafokewa, au kwamba muguka si dawa basi hauhusiki.

Na fluoksetini? Fikiria watu watatu wazima wasio na ugonjwa wowote wamekaa barazani. Mmoja mpe muguka, wa pili Valium, wa tatu kapsuli ya fluoksetini. Baada ya saa mbili wa kwanza hanyamazi, wa pili anasinzia. Wa tatu anauliza chakula kitaiva lini, labda tumbo linamsumbua kidogo. Mpe huyo wa tatu kila siku kwa mwezi mzima, hatapata stimu hata siku moja. Dawa ya sonona haimpandishi mtu juu ya kawaida yake, wala haimshushi. Ndiyo maana kwenye maskani, ambako kila kitu kina bei, fluoksetini haina soko. Mataifa nayo yameona hivyohivyo: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili umeiweka kathinoni kwenye jedwali la kwanza, lile la udhibiti mkali kabisa, na dayazepamu kwenye jedwali la nne. Fluoksetini haimo kwenye jedwali lolote. Amitriptilini, ile dawa ya sonona ya zamani ambayo zahanati nyingi zinayo, nayo haimo. Mama akisema serikali zinajua dawa za kulevya ni zipi, mwambie ni kweli, na hii hazikuiandika.

Inavyofanya kazi ni hivi. Seli moja ya ubongo ikitaka kuzungumza na mwenzake, humwaga kemikali kwenye upenyo ulio kati yao, kisha huifyonza tena. Fluoksetini huziba mlango wa kuifyonza kemikali moja iitwayo serotonini, ikabaki kwenye upenyo muda mrefu zaidi. Kuziba huko huanza siku ya kwanza, lakini nafuu haiji siku ya kwanza. Huja baada ya wiki mbili, nne, wengine sita, kwa sababu kinachotibu hasa ni ubongo kujipanga upya taratibu kwa kuitikia hali hiyo mpya. Hata waliogundua dawa hizi walikutana na ucheleweshaji huo. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sea View, New York, walikuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi, wakaona wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa wanachangamka na kudai chakula. Miaka michache baadaye, Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwapa imipramini wagonjwa wake wa Münsterlingen, na mwaka 1957 akatangaza kwamba waliokuwa na sonona wanapata nafuu, si kwa siku moja bali kwa wiki. Hakuna aliyekuwa akitafuta raha. Fluoksetini yenyewe iliruhusiwa Marekani mwaka 1987.

Siku 11, basi, ni mapema mno kuihukumu. Na hapa nataka uelewe jambo ambalo limewatoa wagonjwa wengi kwenye tiba nikiwatazama: maudhi ya dawa hufika kabla ya faida yake. Kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuharisha, mwili kukosa utulivu, vyote huja wiki ya kwanza na mara nyingi huisha kabla ya ile ya tatu. Familia inaona kijana anatapika na bado ana huzuni, inasema dawa imemkataa, inaiondoa wiki moja kabla haijaanza kusaidia. Baada ya miezi miwili anarudi kwangu na cheti kipya, na tunaanza upya. Kichefuchefu hupungua akiinywa baada ya kula. Kwa kuwa fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hizi siku tatu hazijafuta zile 11. Kliniki ikikubali, ataendelea na kapsuli moja kwa siku kama alivyoandikiwa. Asimeze mbili tatu kwa pamoja kufidia alizozikosa.

Lakini kuna onyo moja la wiki hizi ambalo siwezi kulipunguza makali. Mdogo wako ana miaka 23. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza paketi za dawa zote za sonona zibebe onyo kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni mwa tiba, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi miaka 24. Madaktari wengi huona kwamba nguvu za mwili hurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa hawezi hata kuinuka kitandani sasa anaweza kuinuka, na bado moyo uko gizani. Hilo si sababu ya kumnyima dawa. Ni sababu ya kutomwacha peke yake. Ameshasema afadhali asingezaliwa: muulize wazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humtua mzigo. Akikubali kwamba anafikiria, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na mtu alale naye chumba kimoja. Akibadilika ghafla kwa njia nyingine, halali siku tatu na wala hachoki, anazungumza mbio, anapanga mambo makubwa ya ajabu ilhali hajatafuna, rudini kliniki pia. Kuna ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, na dawa ya sonona peke yake inaweza kuupandisha.

Hofu ya mama kuhusu uteja naiheshimu, maana Mombasa imezika vijana wengi kwa ajili ya unga, na mama aliyeona hayo hawezi kuambiwa tu "usiogope". Mwambie hivi. Teja ni mtu anayeitamani dawa, anayehitaji kuongeza kila mara, na anayeiba ili aipate. Fluoksetini haifanyi hata moja kati ya hayo matatu. Ukweli mwingine asifichwe: dawa za sonona zikiachwa ghafla baada ya miezi mingi, wengine hupata kizunguzungu, ndoto kali, hasira, au hisia kama cheche za umeme kichwani. Baadhi ya dawa za kundi hili, kama paroksetini na venlafaksini, zina shida hiyo zaidi; fluoksetini ina kidogo kwa sababu hutoka mwilini polepole. Wapo wanaoteseka kwa wiki nyingi, na wasidharauliwe. Ndiyo maana hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya daktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mgonjwa akae miezi 9 hadi 12 bila dalili, au akiwa nazo chache mno, kabla ya kufikiria kuacha. Kwa hiyo si ya maisha kwa wagonjwa wengi, wala si ya wiki mbili.

Kutumiwa vibaya kupo pia, na nisingependa uondoke ukidhani dawa hizi ni peremende. Ninachokutana nacho zaidi ni amitriptilini. Kwa kuwa inaleta usingizi, mtu akiandikiwa, dada yake huomba moja, shemeji huomba mbili, na baada ya muda nyumba nzima inalalia dawa ya mtu mmoja. Kipimo kikizidi, amitriptilini huvuruga mapigo ya moyo, na huua upesi kuliko fluoksetini. Nyumba yenye mgonjwa wa sonona haifai kuwa na chupa nzima yake kabatini. Achukue ya wiki moja au mbili, na mtu mwingine ndiye aitunze. Katika hilo, mama hakukosea kushika ufunguo. Alikosea kuufunga mlango bila kumwambia daktari. Akabidhiwe rasmi kazi hiyo: kila siku atoe kapsuli moja, aione ikimezwa.

Mchanganyiko ndio unaonitisha kuliko dawa moja moja. Fluoksetini huchelewesha ini kuiondoa dayazepamu, hivyo Valium mbili za zamani zinaweza kumlevya kama tatu. Daktari atalizingatia hilo katika kupanga kipimo. Valium na mnazi, au pombe yoyote, vikikutana vinapooza pumzi. Tramadoli, ambayo madereva wengi humeza kwa maumivu ya mgongo na wengine kwa stimu, isiguse mdomo wake akiwa kwenye fluoksetini: zote mbili hupandisha serotonini, na mtu anaweza kupata homa kali, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kifafa. Na muguka juu ya dawa ya sonona unaongeza mbio za moyo na kukesha, huku ukibomoa usiku kile ambacho dawa inajaribu kujenga mchana. Ukimwambia aache muguka leo atachoka na kulala siku kadhaa, na huzuni inaweza kuzidi kwa muda. Hapo mumkalie karibu zaidi. Hauangushi mtu kifafa kwa kuachwa, tofauti na Valium. Lakini mtu anayeendesha tuktuk usiku hawezi kuacha muguka bila kubadilisha zamu. Kama kuna namna aendeshe mchana kwa miezi hii, hata mapato yakipungua, nyumba nzima ilizungumze hilo. Ushauri wa bure kuhusu muguka na vidonge unapatikana kwa simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192.

Na yule aliyemuuzia Valium miezi mitano bila cheti: sheria inataka cheti cha daktari, na yeye anajua. Msirudi kwake kutafuta "mbili tu za kumtuliza" wakati mnangoja kliniki.

Anza daftari usiku wa leo. Andika amelala saa ngapi, amekula nini, ametafuna au hakutafuna. Usitafute kicheko kwanza, hicho huchelewa. Dalili za mwanzo huwa ndogo: ameoga bila kuambiwa, ameuliza kuna nini cha kula, ametoka akakaa barazani na wenzake. Siku utakayoiona moja, iandikie tarehe, na uende nalo daftari kliniki.